Kiwanja kinauzwa mapema mno kwa safari ya Kanada

Madalali wa viwanja vya Chanika, Kigamboni na Kibaha wanayajua maneno yanayoteremsha bei kuliko mengine yote: "mwenye mali anasafiri". Mnunuzi aliyekomaa akiyasikia hayo habishani tena. Huaga kwa heshima, huacha namba yake ya simu na kusubiri wiki mbili, kwani anajua kuwa muuzaji mwenye tarehe ya kuondoka hana ubavu wa kungoja. Kiwanja cha shilingi milioni 30 huweza kuondoka kwa milioni 22, na wawili hao wakaagana kindugu.

Miongoni mwa safari zinazouzisha viwanja siku hizi, ukiacha zile za masomo na za Uarabuni, ni ya kuhamia Kanada moja kwa moja kwa njia ya utaalamu. Mhasibu, muuguzi, fundi umeme na mtaalamu wa kompyuta wote wameambiwa kuwa nchi ile inahitaji watu, na ni kweli inahitaji. Hakuna ubaya kwa mwenye ujuzi kuupeleka unakolipwa vizuri. Kenya peke yake ilipokea dola za Marekani zipatazo bilioni 4.9 kutoka kwa watu wake walio ng'ambo mwaka 2024, na hizo si fedha za kubezwa na mfanyabiashara yeyote. Tatizo ni kwamba familia nyingi huingia katika jambo hili zikitanguliza mtaji na kufuatisha hesabu. Kiwanja kinauzwa leo, masharti yanasomwa mwezi ujao.

Kanada ndiyo iliyoanza kuwapima wahamiaji kwa pointi, mwaka 1967. Tangu Januari 2015 maombi ya wataalamu hupitia utaratibu unaoitwa Express Entry, ambao mfanyabiashara anaweza kuuelewa upesi akiufananisha na ghala. Anayetimiza masharti huingizwa ghalani. Kila baada ya muda serikali hufanya droo, yaani huita idadi fulani ya waliomo, kuanzia mwenye pointi nyingi kushuka chini, kisha hufunga mlango. Kuingizwa ghalani si kununuliwa. Jina hukaa humo miezi 12, na muda huo ukiisha bila mwaliko, mwombaji huanza upya.

Kwa mtaalamu ambaye hajawahi kufanya kazi Kanada, mlangoni pana mizani ya pointi 100, na mwenye chini ya 67 haingii. Lugha ina pointi 28, elimu 25, uzoefu wa kazi 15, umri 12, ofa ya kazi 10, na 10 nyingine ni za mambo kama lugha ya mume au mke, au ndugu aliyeko huko. Chukua mhasibu wa Dar es Salaam mwenye umri wa miaka 29, hajaoa, ana shahada moja na uzoefu wa miaka 3. Umri unampa 12, shahada 21, uzoefu 11. Jumla ni 44, kwa hiyo anahitaji 23 kutoka kwenye lugha, na hapo ndipo mambo yanapopinda. Akipata 6 katika kila sehemu ya mtihani wa IELTS, alama ambayo watu wengi waliopita chuo kikuu wataiona ya kuridhisha, huvuna pointi 16 tu na kuishia na 60. Hajaingia. Atavuka akifika ngazi ya 9 kwa vipimo vya Kanada, maana yake 7 katika kusoma, kuandika na kuzungumza, na 8 katika kusikiliza. Hapo hupewa 24, na jumla yake inakuwa 68. Amevuka mstari kwa pointi moja.

Kwenye mizani hiyo kiwanja hakina uzito hata wa gramu. Kinachoamua ni mtihani ambao ada yake ni kitu kidogo sana ukiilinganisha na bei ya kiwanja chochote cha mjini. Ajabu ni kuwa wako wanaomlipa wakala kwanza, wakauza mali pili, na mtihani wakaufanya mwisho, bila kujiandaa, eti Kiingereza wamekisoma tangu shule. Sehemu ya kuandika huwaangusha hata wanaoandika barua za ofisi kwa Kiingereza kila siku, kwa sababu ina taratibu zake na saa inakwenda.

Waliomo ghalani hupimwa tena kwa mizani ya pili, yenye pointi 1,200, na hii ndiyo inayofanana na ubao wa bei. Mhasibu yuleyule aliyefika ngazi ya 9 ana 110 za umri, 120 za shahada, 124 za lugha, na 75 zinazotokana na kuunganisha lugha yake na elimu na uzoefu. Jumla 429. Kama hizo ni pointi nyingi au chache hutegemea mwaka na droo.

Februari 13, 2021, wakati wa Uviko, Kanada iliita watu 27,332 kwa mkupuo, na aliyekuwa wa mwisho kuitwa alikuwa na pointi 75. Habari hiyo ilizunguka dunia, na wapo mawakala wanaoisimulia mpaka leo kana kwamba ni bei ya jana. Wasichosema ni kwamba droo ile ilikuwa ya watu waliokwisha kufanya kazi ndani ya Kanada. Wataalamu wa nje walikuwa wamesimamishiwa droo tangu Desemba 2020, na walipofunguliwa tena Julai 6, 2022, kiwango cha chini kilikuwa 557. Droo ya jumla ya Aprili 23, 2024 iliishia 529. Mwaka mzima wa 2025 ukapita bila droo ya jumla hata moja. Walioitwa ni wenye uzoefu wa kazi wa Kanada, walioteuliwa na majimbo, na waliomo katika makundi maalum yaliyoanza mwaka 2023, kama vile afya, ufundi na Kifaransa. Hata kundi la afya, Julai 2025, liliishia 475. Mwenye 429 asiye na kundi, pamoja na kufaulu mtihani mgumu, angekaa ghalani mwaka wote huo bila kuulizwa bei.

Ni vyema mwekezaji mdogo aelewe kwa nini ilikuwa hivyo. Katika soko la nyanya, bei ikipanda wakulima hulima zaidi na magari huongezeka Ilala. Huku kiasi hupangwa mezani. Mwaka 2023 Serikali ya Kanada ilipanga kupokea wakaazi wapya wa kudumu 500,000 kwa mwaka 2025. Oktoba 2024, baada ya malalamiko ya uhaba wa nyumba na msongamano wa huduma, ikapunguza hadi 395,000, na kwa miaka ya 2026 hadi 2028 imeweka 380,000 kila mwaka. Huyu ni mnunuzi mmoja, anayeweza kupunguza oda yake bila kumwarifu muuzaji. Wakulima wa korosho wa Mtwara wanaokumbuka msimu wa 2018, wanunuzi walipogoma na jeshi likatumwa kusomba mzigo, hawahitaji kufafanuliwa maana ya kutegemea mlango mmoja.

Aidha bidhaa yenyewe inaoza. Pointi za umri kwa asiye na mwenzi hukaa 110 mpaka miaka 29, kisha zinateremka: 105 akitimiza 30, 77 akiwa na 35, 50 akiwa na 40, na akifika 45 hana kitu. Matokeo ya mtihani wa lugha hudumu miaka 2. Tathmini ya vyeti, ambayo ni lazima kwa shahada iliyopatikana nje ya Kanada, hudumu miaka 5. Mtu anayesema atakusanya fedha kwanza mpaka afike 35 ndipo aanze, amepoteza pointi 33 ambazo hakuna duka linaloziuza. Na anayefanya mtihani leo halafu akaanza kutafuta fedha kwa miaka mitatu atakuta cheti chake ni karatasi ya kufungia maandazi.

Bidhaa iliyopanda thamani katika soko hili ni Kifaransa. Machi 21, 2025, wenye Kifaransa waliitwa mpaka kwenye pointi 379. Kiwango hicho hupanda na kushuka, Agosti mwaka huohuo kilifika 481, lakini mhasibu wetu wa mfano akiongeza Kifaransa cha ngazi ya 7 anapata pointi 62 nyingine na kufika 491, juu ya yote mawili. Huyo ni mtu yuleyule, shahada ileile, uzoefu uleule. Masomo ya jioni kwenye vituo vya Kifaransa vya Dar es Salaam na Nairobi yamekuwapo kwa miaka mingi, na wengi wameyachukulia kama starehe ya wapenda filamu. Kwa anayetaka Kanada hayo ni masomo ya biashara. Isitoshe, si kazi ya miezi mitatu, na makundi yanayopendelewa hutangazwa upya kila mwaka, hivyo anayeanza leo kutoka sifuri anawekeza kwenye bei ya miaka miwili ijayo.

Wenye mtaji huo mkononi tayari wako Lubumbashi, Goma na Bujumbura. Mhandisi aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi mara nyingi hujiona yuko nyuma ya Mkenya kwa sababu ya Kiingereza chake cha kuunga. Kwa mizani ya Kanada mambo ni kinyume chake. Kifaransa chake kikithibitishwa kwa mtihani wa TEF au TCF, Kiingereza cha ngazi ya 5 tu kinatosha kumwongezea pointi 50 za ziada. La kuzingatia ni kwamba kundi hili ni la wanaokusudia kuishi nje ya Quebec. Jimbo hilo huchagua wataalamu wake lenyewe, kwa makubaliano yake na serikali kuu ya mwaka 1991.

Kuhusu mawakala, yatosha kusema machache. Wakala hana pointi za kumpa mtu. Anayeruhusiwa kutoza fedha kwa kumwakilisha mwombaji ni mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa Kanada, na majina yao yanaweza kukaguliwa na yeyote mwenye intaneti. Biashara yao mbaya kuliko zote ilikuwa ya kuuza barua za ofa ya kazi, kwa kuwa ofa iliyokubaliwa iliongeza pointi 50, au 200 kwa vyeo vya juu. Machi 25, 2025 pointi hizo zilifutwa kwenye mizani ya pili, ili kuzima udanganyifu huo. Kwa hiyo anayeuziwa barua leo ananunua mzigo ambao thamani yake karibu yote imekwisha kuondolewa, na akikutwa nayo ikiwa ya kughushi hufungiwa miaka 5.

Sasa fedha. Mtaalamu anayetoka nje bila kazi iliyothibitishwa lazima aonyeshe akiba ya kujikimu. Kwa kiwango kilichotangazwa Julai 2025, ni dola za Kanada 15,263 kwa mtu mmoja na 28,362 kwa familia ya watu wanne, na mke na watoto wanaobaki nyumbani nao huhesabiwa. Kiwango hicho hurekebishwa kila mwaka. Dola ya Kanada ikikadiriwa kwa shilingi 1,800, mtu mmoja aonyeshe takriban milioni 27.5 na familia ya wanne milioni 51. Halipwi mtu, ni fedha za mwombaji mwenyewe. Lakini zisiwe za mkopo, na nyumba au kiwanja havihesabiwi hata kama hati ni safi. Barua ya benki itaje madeni yote na wastani wa salio kwa miezi 6. Mwaliko ukitoka, siku za kukamilisha maombi ni 60.

Wanaotetea kuuza mapema hushika hapo. Wanasema fedha ya kiwanja kilichouzwa baada ya mwaliko haitakuwa imekaa miezi sita, na wanasema kweli. Ila miezi sita si miaka mitatu. Anayeuza kabla ya kujua kama atavuka 67 anaweka fedha mahali zisipozaa, kwa kusubiri droo ambayo pengine haitafanyika. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayezungusha mtaji mara nne kwa mwaka ajiulize miaka miwili ya milioni 51 kulala benki ni hasara kiasi gani. Na kwa kweli huwa hazilali. Ukoo ukishajua kuwa fulani ameuza kiwanja na fedha ziko akaunti, ada za shule, misiba na harusi hupata njia ya kuzifikia, na barua ya benki inayotakiwa huja kusoma kitu kingine.

Mpangilio unaoelekea kuwa na busara ni mtihani kwanza, kisha tathmini ya vyeti, kisha kuingia ghalani na kuangalia droo kadhaa zinaishia wapi. Pointi zikiwa karibu na kiwango kinachoitwa, ndipo mali itangazwe, bila kutajwa safari, iuzwe kwa bei ya soko na fedha zianze kuhesabu miezi yake. Pointi zikiwa mbali, shilingi laki kadhaa ziende kwenye Kifaransa na kiwanja kiendelee kupanda bei. Atapoteza miezi michache, lakini hatakuwa amemkabidhi mnunuzi milioni nane za bure.

Akiba hiyo pia ina hatari ya sarafu, kwani kiwango kimeandikwa kwa dola na mishahara ya huku ni shilingi. Januari 2024 dola moja ya Marekani ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imerudi kwenye 130. Mwombaji wa Nairobi aliyebadilisha fedha zake zote Januari, kwa hofu, alinunua kwenye kilele. Akaunti za fedha za kigeni zipo katika benki za Nairobi na Dar es Salaam, na kununua kidogo kidogo kila mwezi humpunguzia mtu usingizi wa mang'amung'amu.

Ada za serikali ni nafuu zikilinganishwa na hayo. Aprili 30, 2024 zilipanda kutoka dola 1,365 hadi 1,525 kwa mtu mzima, na hupitiwa kila baada ya miaka miwili. Kwa ada hizo za 2024, baba, mama na watoto wawili walihitaji dola 3,740 pamoja na alama za vidole, sawa na shilingi milioni 6.7 kwa kadirio lilelile. Ongeza vipimo vya afya na nauli.

Gharama isiyoandikwa popote ni ya mwaka wa kwanza. Ukaazi wa kudumu humpa mtu haki ya kufanya kazi, haumpi leseni ya taaluma. Tathmini ya vyeti iliyomwingiza ghalani haitambuliwi na bodi za wauguzi, wahandisi au madaktari, ambazo ni za majimbo na kila moja ina mitihani yake. Yapo mabadiliko: Mei 2023 bodi ya wahandisi ya Ontario iliondoa sharti la kuwa na uzoefu wa kazi wa Kanada, sharti lililokuwa limewaweka wengi kwenye teksi. Hata hivyo mhasibu anayeondoka Dar es Salaam akitegemea kukaa kwenye dawati wiki ya tatu afadhali ahesabu miezi ya kupanga mizigo kwenye maghala, safari hii maghala ya kweli, huku kodi ya nyumba ikila ile akiba aliyoionyesha.

Kuna suala la mwisho linalomgusa mwenye ardhi. Mkaazi wa kudumu akitimiza siku 1,095 ndani ya Kanada katika miaka mitano anaweza kuomba uraia. Mkenya akiupata hapotezi wa kwao, kwa Katiba ya mwaka 2010, na shamba lake linabaki lake. Mtanzania mtu mzima akiuchukua hupoteza uraia wa Tanzania, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Utaratibu wa hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania umeletwa kupunguza makali hayo, lakini hadhi maalum si uraia, na anayebakiza viwanja vitatu Kigamboni amwone mwanasheria kabla ya kula kiapo kule.

Anayetaka kuepuka yote hayo anaweza kubaki mkaazi wa kudumu bila kuomba uraia. Sharti lake ni kuwa ndani ya Kanada siku 730 katika kila miaka mitano. Miaka mitano ina siku 1,826, hivyo zinabaki 1,096 za kusimamia duka la Kariakoo, mradi nauli ya kwenda na kurudi iwe imeingizwa kwenye bei ya vitenge.